Majani Mabichi ya Kilima Raha

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita mkono wa Kasiana ulikuwa umeshika pembe ya shuka jeupe, na meneja alikuwa amesimama mlangoni. Mkono bado uko palepale. Meneja naye hajaondoka.

"Ukifunua shuka hilo," alisema Meneja John, "usirudi hapa kesho."

Kasiana akafunua.

Chini ya shuka, juu ya kitanda cha mbao, alilala Bi Brigita, mke wa Bwana Edwin mnunuzi wa tumbaku. Alikuwa amefika na mumewe jana jioni kutoka Ruhuwiko, kulala usiku mmoja na kupumzisha mwili. Alikuwa amefungwa majani kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Majani mapana, mabichi, yenye umande, yamekazwa kwa kitambaa kama mzigo unaopelekwa sokoni. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na jasho lilimtoka mpaka kwenye kope.

Kasiana hakuhitaji kunusa. Vidole vyake vilishaanza kunata. Gundi ile aliijua kabla hajajua kusoma. Baba yake, mzee Pankrasi wa Namtumbo, alikuwa akilima tumbaku tangu yeye hajazaliwa.

"Meneja, hii ni tumbaku."

John akacheka. Alikuwa na kile kicheko cha mtu aliyesoma, kinachotokea puani.

"Tumbaku ni ya kahawia, binti. Umewahi kuona sigara ya kijani?"

Hapo, msomaji, niruhusu nipumue kidogo nikuambie ni mtu wa namna gani aliyesema hivyo.

Meneja John alikuja Songea miezi minane iliyopita akitokea kaskazini, pale shirika la umma lilipouza nyumba yake ya wageni kwa watu binafsi. Aliikuta nyumba nzuri ya mlowezi wa zamani, yenye baraza na misonobari. Akaipaka rangi ya waridi, akaweka ungo wa televisheni juu ya bati, akatundika kibao barabarani: KILIMA RAHA, HOTELI NA SPA. Watu wa Bombambili, mtaa wa jirani, wakauliza, spa ni nini? Kasiana, aliyepata kazi humo ya kukanda wageni, akawajibu: ni mahali mtu mzima anapojifukiza bila kuwa na homa.

Meneja alikuwa na kijitabu cha picha cha hoteli moja ya Ulaya. Humo kulikuwa na mama wa Kizungu amefungwa majani makubwa, amefumba macho, anatabasamu. Jina la majani halikuandikwa. Kasiana alimshauri atumie ya mgomba.

"Ya mgomba ni ya kufungia samaki," John alimjibu. "Mimi nataka jani lenye hadhi."

Basi asubuhi hiyo, jua halijakausha nyasi, meneja mwenyewe na viatu vyake vyeupe alivuka ua mpaka shamba la jirani akarudi na kapu la hadhi. Miezi minane alikuwa akiliangalia shamba lile kila akifungua dirisha. Hakuwahi kumuuliza mtu ni nini kinachoota mle. Kuuliza wakulima si kazi ya meneja. Kapu akampa mpwa wake Anjelika, aliyesomea urembo wiki tatu Dar es Salaam. Anjelika akamfunga mgeni, akafunga na mlango, akaenda kunywa chai.

Hayo ndiyo Kasiana aliyoyakuta.

"Mdogo wangu," alinong'ona Brigita, "dari inazunguka."

"Umesikia?" alisema John, mikono kiunoni. "Sumu inatoka. Ndiyo kazi yake hiyo."

"Sumu inaingia, meneja."

Kwa watu wa tumbaku, hata mtoto anajua. Hulivuni jani likiwa na umande, mikono mitupu. Likikulowesha, mchana wake utatapika nyongo, kichwa kitapasuka, na moyo utapiga kama ngoma ya lizombe. Na mwanamke mwenye mimba haonekani kabisa shambani asubuhi.

Na Brigita alikuwa na mimba.

Jana jioni, Kasiana alipokuwa akimkanda, Brigita alimdaka mkono kabla haujafika tumboni. "Hapo taratibu," alisema. "Ni miezi mitatu. Miaka tisa ya ndoa, na hii ndiyo ya kwanza. Kila nikiamka nashika kuona kama bado ipo. Niapie hutamwambia mtu. Mume wangu hata kidogo."

Kasiana aliapa. Sasa akawa anang'oa vitambaa kwa meno.

"Acha!" John alimshika bega. "Hiyo huduma haijakwisha! Ina dakika arobaini!"

"Meneja, niache nimwoshe."

Akakimbilia bomba. Bomba likakohoa, likatema kutu, likanyamaza.

"Maji yako wapi?"

John akaangalia pembeni. "Yako kwenye chemchemi. Wageni wanakunywa chai bustanini, lazima iruke."

Hiyo chemchemi, msomaji, ilikuwa bwawa la saruji lenye sanamu ya samaki anayetema maji juu. Ikiruka, nyumba nzima haina maji ya kunawa. Lakini kwenye picha inapendeza.

Kasiana hakubishana tena. Alimzungushia Brigita shuka, akageuka, akamvuta mgongoni kama anavyobebwa mgonjwa kwao, akatoka naye. Meneja akamfuata nyuma akilia, "Kwa mlango wa jikoni! Angalau pitia mlango wa jikoni!"

Hakupitia mlango wa jikoni.

*

Bustanini Bwana Edwin alikuwa mezani, amevaa joho la taulo la hoteli, kifua wazi, uma mkononi na kipande cha soseji kwenye uma. Alikuwa akiwahutubia wageni wengine, mabwana wanne na wake zao.

"Tatizo la wakulima wetu," alisema, "hawajui kupumzika. Mimi Jumamosi nafunga ofisi, nakuja hapa, natulia. Wao unawakuta mashambani hata Jumapili! Utaendelea vipi na watu wa namna hiyo?"

"Kweli kabisa," alisema bwana mmoja aliyekuwa akimwomba kazi.

Ndipo mke wake akapita mbele yake, mgongoni kwa msichana, majani yakining'inia, akatumbukizwa kwenye chemchemi pamoja na shuka.

Maji yaliruka mpaka kwenye siagi.

"Mungu wangu," alisema mama mmoja, kikombe mkononi. Kisha akainamia kwa mumewe. "Hiyo ndiyo huduma inayofuata? Na sisi tumo?"

Maji yalifika magotini tu. Kasiana aliingia na nguo zake, akamlaza Brigita, akamwekea mkono mmoja chini ya kichwa, kwa mkono mwingine akabandua majani moja moja.

"Aidani! Sabuni!"

Aidani alikuwa dereva wa hoteli, kijana mrefu wa Mbesa asiyependa maneno mengi. Alianza kazi pale mwezi wa kwanza mwaka huu. Barua yake ya posa ilikuwa kwa mzee Pankrasi wiki ya pili sasa, ikingojea mavuno yaishe. Alikuja mbio na kipande cha sabuni ya mche, akakiweka ukingoni.

"Leta pikapu, twende hospitali!"

"Iko juu ya mawe, Kasi. Meneja amepeleka matairi mjini."

Gari zima ndani ya lango la Kilima Raha lilikuwa moja tu, Landkruza nyeupe ya Bwana Edwin.

Bwana Edwin mwenyewe alikuwa amefika, taulo limemlegea. "We msichana! Umempa nini mke wangu?"

Kabla Kasiana hajafungua mdomo, John alishadakia. Woga humpa mtu mbio.

"Dawa zake za kienyeji, Bwana Edwin! Nilimkataza kwa mdomo huu! Hawa watu ukiwaachia mgeni dakika moja wameshamfunga mizizi!"

"Nimemkuta amefungwa tumbaku, mzee," alisema Kasiana bila kuinua kichwa. "Tumbaku mbichi yenye umande. Meneja ameichuma mwenyewe."

"Tumbaku! Jamani!" John aliwageukia wageni, akacheka peke yake. "Si bahati tunaye hapa mtu ambaye tumbaku ya mkoa huu nusu yake inapita mikononi mwake? Bwana Edwin, waambie."

Watu wote wakamtazama Bwana Edwin.

Bwana Edwin akaokota jani majini. Akaligeuza. Akalinyoosha kwenye jua. Akalikuna kwa ukucha na kukunja uso, kama alivyoona wenzake wakifanya.

Kasiana alimwangalia tu. Alishamwona mtu huyu, mwaka jana, gulioni Namtumbo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, mwavuli juu, na mtu wa kumpepea. Robota la tumbaku la mzee Pankrasi lilifunguliwa mbele yake, jasho la miezi tisa, jani zuri limeiva moshi vizuri. Bwana Edwin hakuligusa. Alitikisa kichwa tu, na karani akaandika daraja la mwisho. Alinunua tumbaku ya wilaya nzima kwa kutikisa kichwa. Tumbaku ikiwa imesimama shambani, na maua yake, hakuwahi kuiona, kwa sababu huko kuna matope.

"Hii," alisema Bwana Edwin kwa sauti ya mtaalamu, "ni mboga. Jamii ya kabichi. Kabichi pori."

Dirishani kwa jikoni mpishi, Mama Lidwina, alijiziba mdomo kwa mwiko.

"Mmesikia!" alipiga kelele John. "Kabichi!"

"Basi vizuri," alisema Kasiana. "Kama ni mboga, meneja atafune."

"Nini?"

"Atafune jani moja. Ni mboga."

"Wewe, darasa la saba, unanijaribu mimi?"

"Sikujaribu, meneja. Nakukaribisha. Chai bado ipo."

Wageni wakaanza kuchangamka. Walikuja kupumzika, na kupumzika kulikuwa kumewachosha tangu jana. "Tafuna, meneja!" alisema yule mama wa kikombe. "Tuonyeshe!"

John alitazama huku na huku. Angekataa, amekwisha. Akachukua jani, akalikunja mara nne, akanyunyizia chumvi ya mezani, akalitia mdomoni.

"Chungu kidogo," alisema akitafuna. "Kama mchunga. Mboga za asili zote ni chungu, ndiyo faida yake." Akameza. "Mnaona? Sasa ndugu wageni, mboga hizi zina madini ya..."

Hakuyataja madini. Kwikwi ilimkata. Akataka kuanza upya, kwikwi ikamkata tena. Mate yakamjaa, akayameza, yakajaa zaidi. Macho yakawa makubwa kama ya sanamu iliyokuwa nyuma yake. Akatembea hatua tatu kwa hadhi, ya nne akakimbia, na hakufika. Alitapikia sahani ya soseji za Bwana Edwin, na viatu vyake vyeupe.

"Sumu inatoka, meneja," alisema Mama Lidwina kutoka dirishani. "Ndiyo kazi yake hiyo."

Hakuna aliyemsaidia meneja. Anjelika alisogeza kiti ili asipate matone.

*

Lakini kwenye bwawa hapakuwa na kicheko. Brigita naye alitapika, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu hakuna kilichotoka. Shingo ilikuwa imelegea. Kila Kasiana alipopunguza mkono, kichwa kilishuka.

"Mzee, funguo," alisema. "Twende hospitali ya mkoa sasa hivi."

Bwana Edwin alijifunga taulo vizuri. Akawatazama wageni. Akamtazama mkewe, mwili mzima kijani, nywele zimeingia jani.

"Asubiri kidogo apate hewa," alisema.

"Mzee!"

"Wewe hujui dunia. Nikishuka naye hospitali hivyo alivyo, kesho gulio zima litaimba: mnunuzi amemfunga mkewe tumbaku. Mimi nina jina. Halafu amelowa, na viti vile ni vya ngozi. Akauke kwanza."

Kasiana alikuwa mtu wa kusubiri. Alisubiri bei ya tumbaku, alisubiri mshahara, alisubiri posa. Lakini aliona vidole vya Brigita vikitoka majini na kushika tumbo.

"Tumbo, Kasiana," alisema Brigita. "Linakaza."

Basi. Kuna kiapo, na kuna mtoto. Kasiana alimwinamia. Brigita aliona analotaka kufanya, akatikisa kichwa, hapana, hapana, machozi yakichanganyika na maji ya samaki wa saruji.

"Utanisamehe ukiwa hai, dada," alisema Kasiana. Akainua uso. "Mzee, mkeo ana mimba. Ya miezi mitatu. Ukikaa hapa kusubiri akauke, utamwua mtoto wako."

Yule mama wa kikombe akakiweka kikombe mezani.

Mwanamume aliyekaa miaka tisa bila mtoto, akisikia neno hilo, huanguka magotini, au hukimbilia gari. Bwana Edwin hakufanya hata moja kati ya hayo. Alikaa kwenye ukingo wa bwawa taratibu, kama mzee.

"Rudia."

"Miezi mitatu, mzee."

"Mwezi wa kumi nilikwenda Dar es Salaam," alisema Bwana Edwin. "Nimerudi mwezi wa pili, na huu ni wa tatu. Sikurudi Krismasi. Sikurudi Mwaka Mpya." Sauti ilipanda. "Mwezi wa kumi na mbili mimi nilikuwa Dar es Salaam!"

Aliyasema hayo kwa nguvu, mbele ya mabwana wanne, wake zao, mpishi, Anjelika, na meneja aliyekuwa ameshika mti. Yule mtu aliyeogopa gulio kuimba, sasa ndiye aliyelitungia wimbo.

Akaingiza mkono mfukoni mwa joho, akatoa funguo. Kasiana akanyoosha mkono.

Bwana Edwin akazitupa. Zilipita juu ya kichwa cha Kasiana, zikagonga sanamu, zikazama.

"Aliyempa mimba," alisema, "ampeleke hospitali."

Aliyasema, akakaa kuangalia, miguu imetengana, taulo limefunuka, kana kwamba amewategea wanaume wote mtego mzuri sana.

Nao mtego ulinasa. Mabwana wanne walijikuta wanaangalia viatu vyao. Mmoja alikuwa na dereva wake nje ya lango, akakumbuka kwamba dereva huyo alishamruhusu kwenda kanisani na gari. Mwingine alisema anajua kuendesha, ila si gari kubwa. Wake zao waliwashika mikono ya mashati, wasije wakajisahau wakawa na huruma.

"Jamani!" Kasiana alilia. Yeye hakujua kuendesha, na mkono wake ulikuwa chini ya kichwa cha mgonjwa. "Ni funguo tu! Mtu mzima anaogopa chuma? Mtu anakufa hapa!"

Hakuna aliyesogea. Mama Lidwina alikuwa ameshatoka jikoni, lakini alipitia mlango wa nyuma, na miguu yake ilikuwa mibovu.

Ndipo Kasiana akasikia maji yakitibuka upande wa pili wa sanamu. Viatu vizito viliingia bwawani. Mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko, ukapapasa, ukatoka na funguo zinazochuruzika.

Alikuwa Aidani.

Wageni wakanong'ona kama nyuki. Bwana Edwin akasimama. Aidani hakumwangalia yeye, wala wageni, alizifuta funguo kwenye suruali akaja moja kwa moja.

Moyo wa Kasiana ulijaa mpaka ukauma. Huyo ndiye wangu, alijiambia. Wanaume wote hawa wenye majina na magari, wameogopa maneno. Wangu hajaogopa. Baba akijibu barua ile kesho, mimi ni wake kesho hiyohiyo.

"Shika miguu," alimwambia. "Mimi nashika kichwa. Taratibu."

Aidani akainama. Kivuli chake kikamfunika Brigita usoni. Brigita akafumbua macho. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao kwa mbali, na midomo yake ya majivu ikatafuta sauti.

"Aidani," alisema. "Uliniambia umerudi kwenu Mbesa."

Aidani akaziangalia funguo mkononi. Hakuinua macho.

Kasiana alimtazama yeye. Akamtazama Brigita. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe, ule uliokuwa chini ya kichwa cha mwanamke asiyeweza kushika shingo yake, na maji ya magotini yaliyokuwa chini ya mkono huo.